Kokwa za Bwana Tolley

Alikuja Jumanne, mvua ya Evesham ikimfuata hadi mlangoni,
kopo la biskuti kifuani kama mtu aliyebeba paka mgonjwa.
Maabara yetu hupima jemu, siki, asali ya watu wenye shaka.
Si mahali pa kuletea msiba.
"Ni za mplamu wetu wa nyuma ya nyumba," akasema.
"Nataka kujua zina nini."

Nilizipasua kwa koleo, nikatoa viini,
nikasaga, nikaosha kwa heksani, nikangoja.
Mafuta yalitoka ya njano, maangavu,
asilimia arobaini na moja,
na humo asidi ya oleiki ndiyo mwenye nyumba,
linoleiki mpangaji,
waliobaki wageni wa kulala sebuleni.
Vitamini E kidogo. Protini. Nyuzinyuzi.
Ningeishia hapo, ningempa mkono wa kheri.

Lakini mashine ikachora mlima mwingine,
mwembamba, mrefu, usio na aibu.

Amigdalini:
sukari mbili zilizoshikana mikono
zimembeba mgeni asiyetajwa.
Kiini kikiwa kizima, hana neno.
Yeye chumba chake, kimeng'enya chumba chake,
ukuta katikati, kama mawifi walionuniana.
Vunja ukuta, tia mate,
wanakutana.
Sukari inakwenda zake.
Inapanda harufu ya lozi, benzaldehaidi,
ile ile ya keki za harusi za huku,
na nyuma yake, bila kubisha hodi,
sianidi.

Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa.
Hatukufundishwa kwamba chaweza kunukia.
Gethin, mwenzangu wa meza ya pili, hainusi sianidi kabisa;
pua yake haikujaliwa.
Mimi huinusa. Sijui ni nani kati yetu aliyebahatika.

Ijumaa akarudi, akakaa kwenye stuli bila kuvua koti.
Dilys, mkewe, alisoma kijitabu
kilichosema uchungu wa kokwa huua uvimbe.
Thelathini kwa siku, kijitabu kilisema.
Akazila na uji.
"Nilizipasua mwenyewe," akasema Bwana Tolley.
"Kwa nyundo. Kizingitini. Kila asubuhi kabla ya posta."
Kisha: "Daktari aliandika mapafu."

Kwetu mizani hupima unga, na hupima shairi.
Hii ya kazini hufika nafasi ya nne ya desimali,
hutetemeka mtu akipumua karibu,
na haikuwa na tarakimu ya kumpa.

Nikamsomea karatasi.
Nikamwambia miligramu ngapi kwa kila gramu,
na thelathini kwa siku ni kiasi gani
kwa mwanamke wa kilo arobaini na nne.
Sikutaja nyundo. Nilisema "zikisagwa".
Alinielewa.
Maji yalikuwa yakidondoka kwenye sinki,
na nilitamani Gethin aende akayafunge.

"Hakuna kizuri chochote ndani yake?"
"Mafuta," nikasema. "Mafuta yake ni mazuri sana.
Hulainisha ngozi."
Akaitazama mikono yake, juu, kisha viganja,
kama anatafuta alikoiweka.
"Aliipenda ile harufu," akasema. "Akasema ni arusi yetu."

Mlangoni akageuka:
"Na nyama ya tunda?"
"Kula," nikamwambia. "Nyama haina kosa."

Kopo alilisahau, au aliliacha.
Liko rafuni, kati ya siki ya tufaha na sampuli namba 212,
na hakuna aliyeliandikia lebo.

Agosti tulikuta mfuko wa karatasi kwenye ngazi,
plamu za njano, bado zina umande,
hakubisha, hakuacha jina.
Gethin alikula sita, juisi ikamfika kwenye kiwiko.
Mimi nilikula moja.
Kokwa yake ninayo, mfukoni mwa koti jeupe,
nzima.